Kuorodhesha makaburi ya kanisa la zamani kabla maandishi hayajafutika

Huku kwetu Tanga ukiacha lami pale Muheza ukaingia ndani kwenye michungwa na minazi, hukosi kukutana na kanisa la zamani ambalo ibada ilishahama, waumini wamejenga jipya karibu na barabara, la zamani limebaki kuta na popo na pembeni yake makaburi yamemezwa na kichaka. UMCA, yaani misheni ya Waanglikana wa Uingereza, walifika Magila mwishoni mwa miaka ya 1860, Walutheri wa misheni ya Bethel ya Ujerumani wakaingia Tanga na Usambara miaka ya 1890, na Bagamoyo ndo usiseme, mapadri Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu wapo pale tangu 1868. Watu wamezikwa miaka yote hiyo, misalaba ya mbao ishaliwa na mchwa, ya saruji inamomonyoka, na wazee wanaojua nani kalala wapi wanapungua. Kuyaandika hakuhitaji digrii wala hela nyingi, kunahitaji subira na utaratibu, na ndo nataka kuueleza hapa kama tunavyoufanya na vijana wa parishi.

Niseme mapema kitu kimoja maana ndo kinaharibu orodha nyingi. Mtu anaingia makaburini, anaona bamba la marumaru la padri mzungu au la nesi wa misheni, anapiga picha, ananakili, anaondoka zake anasema kazi imeisha. Jamani hao walishaandikwa! Makaratasi ya UMCA yapo Oxford, ya mapadri wa Roho Mtakatifu yapo Chevilly-Larue karibu na Paris, anayewatafuta atawapata. Ambaye hayupo popote ni mwalimu wa shule ya kijijini, bibi wa Kibondei aliyebatizwa uzeeni, manamba wa mkonge aliyetoka huko kusini akafia huku, kaburi lake ni tuta na mawe matatu. Hao wasipokuwemo, orodha yako ni nusu, hata iwe na picha nzuri namna gani.

Haya, tuanze na ruhusa, na hapa usifanye haraka. Kwanza kanisa lenyewe, yaani padri au mchungaji, na katekista ambaye mara nyingi ndo anajua mambo kuliko bosi wake kwasababu yeye hahamishwi. Pili serikali ya kijiji, mwenyekiti na mtendaji, ukiweza upate barua yenye muhuri uitembeze mfukoni. Tatu, na wengi wanaisahau hii, nyumba za jirani. Pita, piga hodi, toa shikamoo, kaa kidogo, sema mmekuja kufanya nini. Kwanini nasisitiza? Kwasababu huku kwetu ukionekana kwenye makaburi ya zamani na futi kamba watu wanafikiria mawili, ama unapima ardhi iuzwe, ama unatafuta mali ya Mjerumani. Hizo habari za rupia zilizofukiwa na sijui zebaki bado zina nguvu, na kuna makaburi yameshavunjwa kwa ajili yake. Kwa hiyo msibebe jembe, msibebe sururu, msibebe kile kifaa cha kutafuta chuma ardhini, hata kama mnacho. Na hamchimbi kitu. Jiwe lililozama nusu linabaki limezama nusu, mnaandika "limezama", basi. Kaburi kulihamisha kuna sheria yake tangu 1969, na magofu kama Tongoni au Kaole yanalindwa kama mambo ya kale, kule usiende na timu yako bila kupitia kwa wanaoyasimamia.

Msimu. Masika ya Machi mpaka Mei sahau, majani yanakuzidi urefu na mawe yana utelezi wa kijani. Mwezi wa sita mpaka wa tisa ndo pazuri, au Januari na Februari kabla mvua hazijarudi. Vaeni suruali ndefu, mabuti na shati la mikono mirefu, sio kwa ajili ya nyoka tu, upupu jamani, upupu wa makaburini ukikupata siku nzima imeharibika, mtu anajikuna mpaka anataka kulia. Mpelekeni mtu mmoja mwenye fimbo atangulie apige majani, aangalie nyigu kwenye misalaba ya chuma na chini ya mabamba yaliyoinama. Jiwe lililoinama mtu asiliegemee wala asilisukume kulinyoosha, mengine yamekaa tu kwa bahati na ni kilo nyingi, mtoto akiwepo karibu ni hatari kweli.

Vifaa ni vya kawaida: kauntabuku, penseli (sio peni, karatasi ikishika unyevu peni inagoma), futi kamba ya mita 30 na ndogo ya mita 5, kamba ya katani, vijiti, kiubao cheusi kidogo na chaki ya kuandikia namba kwenye hicho kiubao tu, kioo kirefu kama kile cha kabatini, tochi, turubai au vitenge viwili, brashi laini ya kupakia rangi ambayo ni mpya, sponji, madumu ya maji safi, na simu yenye kamera na chaji. Pawabenki kama ipo.

Kufyeka. Vijana wakipewa fyekeo wanafurahi na ndo hapo mawe yanapigwa. Sheria yetu ni kwamba fyekeo na panga mwisho hatua moja kutoka kwenye jiwe lolote, hapo karibu ni mikono na mundu. Msichome moto, jiwe la matumbawe na chokaa likipata moto linapasuka na kumeguka. Mizizi iliyoingia kwenye ufa msiing'oe, inaweza ikawa ndo inashikilia jiwe. Na kabla hamjafyeka chochote angalieni mimea yenyewe, kwasababu sio kila mmea pale ni kichaka. Masale yakisimama mawili au manne peke yake kwa mpangilio, hasa huku Usambara na vijiji vya chini yake, yamepandwa na mtu, na mara nyingi yanaonyesha kaburi au mpaka. Ukiyafyeka umefuta jina la mtu. Mawe yaliyopangwa, chupa iliyofukiwa shingo chini, sahani iliyovunjika, vyote hivyo viacheni palepale mpaka viandikwe.

Sasa ramani. Chora uwanja mzima kwenye karatasi moja kwa mkono, kanisa, mti mkubwa, njia, ukuta kama upo, halafu gawa makaburi kwa safu, safu A, B, C, na kila kaburi namba yake, A1, A2 na kuendelea. Lisilo na jiwe nalo linapata namba. Namba msiiandike kwenye jiwe, si kwa rangi si kwa maka peni, chomeka kijiti chenye kikaratasi miguuni mwa kaburi na mkimaliza mnaking'oa.

Watu wengi wanadhani GPS ya simu inamaliza kila kitu. Haimalizi. Simu ya kawaida ikijitahidi sana inakosea mita tatu mpaka tano, na chini ya mti mkubwa zaidi, wakati kaburi na kaburi mita moja tu. GPS chukua moja ya mlango wa kanisa ili mtu ajue uwanja uko wapi duniani, ila kaburi lenyewe pima kwa futi kamba kutoka sehemu mbili ambazo hazitahama, mfano kona mbili za ukuta wa kanisa. Umbali kutoka kona ya kwanza, umbali kutoka kona ya pili, ukaandika zote mbili na liko upande gani wa ukuta, hilo kaburi hata kichaka kirudi na jiwe likaibiwa litapatikana. Hakikisha tu hizo kona zenyewe umezipigia picha na umeandika ni ipi.

Andikeni pia kaburi limeelekea wapi. Kikristo kawaida kichwa magharibi, miguu mashariki, ila mapadri wengine huzikwa kinyume ili wawaelekee waumini wao. Na huku pwani kuna jambo la kuangalia kwa makini: kutoka kwetu Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo kaburi la Muislamu nalo linakwenda mashariki-magharibi, tofauti ni kwamba kichwa kipo mashariki. Vijiji vyetu familia moja ina Yohana na Athumani, na makaburi mengine yameingiliana pembezoni. Kwa hiyo kaburi lenye mawe mawili bila maandishi usiliite la Kikristo kwasababu tu liko karibu na kanisa, andika unachokiona halafu uulize wazee. Dira ya simu ukiitumia simama mbali kidogo na msalaba wa chuma, inadanganyika.

Kusafisha, kwa kweli bora msisafishe kuliko kusafisha vibaya. Majani makavu na udongo uondoe kwa mkono na brashi laini. Kama maandishi yamefunikwa na tope, maji safi na sponji, kutoka chini kwenda juu taratibu, basi. Jiki hapana. Sabuni ya unga hapana. Siki, ndimu, asidi ya betri (nimeshasikia mtu akipendekeza), hapana kabisa, vitu vyenye asidi vinakula chokaa na marumaru vinaondoka na herufi. Brashi ya waya hapana. Yale magamba ya kijivu na ya njano yaliyoshikana na jiwe yaacheni, ukiyabandua yanatoka na ngozi ya jiwe. Kupaka chaki au unga kwenye herufi ili zionekane nako hapana, na kupaka rangi upya kwa "kumsaidia marehemu" ndo mbaya zaidi, maana aliyepaka alisoma 1893 kumbe ni 1898 na sasa kosa lake limekuwa ndo jiwe.

Mnachohitaji ni mwanga. Hapa ndo kazi ina utamu wake. Herufi zilizochongwa zinasomeka pale mwanga unapopita ukizikwaruza kwa ubavu, sio unapozimulika usoni, ile ya usoni inafanya jiwe liwe tupu kabisa. Bamba lililolala chini lisomeni asubuhi na mapema, saa moja hivi, au jioni saa kumi na moja jua likiwa chini. Jiwe lililosimama ni kinyume chake. Sisi tuko karibu na mstari wa Ikweta, adhuhuri jua liko karibu utosini, kwa hiyo linashuka kwenye uso wa jiwe kutoka juu na kila mchoro unatupa kivuli. Jiwe linaloangalia mashariki asubuhi utaliona kama limefutika, lirudie saa tano na nusu kwenda saa sita utashangaa. Kwa hiyo pangeni siku hivo: asubuhi mabamba ya chini, kabla ya mchana mawe ya kusimama, mchana kupima na kula, jioni mabamba yaliyobaki.

Jiwe lililo chini ya mwembe ambapo jua halifiki, tumieni kioo. Mtu mmoja anasimama juani, anarusha mwanga utoke ubavuni mwa jiwe, mwingine anapiga picha. Kioo hakina jua? Lifunikeni jiwe kwa turubai iwe giza, mulika tochi kutoka kushoto, piga, kutoka kulia, piga, kutoka juu, piga, simu isisogee, ikiwezekana iegemeze kwenye kitu. Ukija kuzilinganisha nyumbani unakuta mkia wa 9 umeonekana kwenye picha moja tu kati ya zote.

Picha kila kaburi zisipungue nne: ya mbali inayoonyesha majirani zake, ya kaburi zima, ya maandishi yenyewe ukiwa umenyooka nayo uso kwa uso, na ya kitu chochote cha pekee, msalaba, ua, jina la fundi. Ya kwanza ya kila kaburi iwe na kile kiubao chenye namba, na rula iwekwe pembeni ionyeshe ukubwa. Picha zikihamishwa ziitwe kwa namba ya kaburi, maana hakuna balaa kama picha mia tatu za misalaba ya saruji inayofanana zenye majina ya simu.

Kunakili sasa. Wawili wawili, mmoja anasoma kwa sauti herufi kwa herufi, mwingine anaandika, halafu wanabadilishana na anayeandika anasoma alichoandika huku mwenzie akiangalia jiwe. Andika kama ilivyo. Jiwe likisema "ALIFALIKI" usiandike "alifariki". N ikiwa imegeuzwa, andika pembeni "N imegeuzwa". Makaburi mengi ya saruji yaliandikwa kwa msumari au kijiti saruji ikiwa mbichi, na mwandishi wake alikuwa mtoto wa marehemu, kila kosa lake ni ushahidi. Mwisho wa mstari weka mkwaju, herufi usiyokuwa na uhakika nayo itie kwenye mabano ya mraba, iliyopotea weka nukta kwa kila herufi. Mfano: HAPA AMELALA / MARIAMU B[I]NTI ... / ALIZ. 18[9]7. Yaani msomaji wa baadaye anajua kabisa wapi ulisoma na wapi ulikisia. Kidole kinasaidia, fumba macho upitishe taratibu kwenye herufi, wakati mwingine kidole kinaona kuliko jicho. Namba ndo mtego mkubwa: 3 na 8, 6 na 0, na 1 ya Wajerumani ina kimkia kirefu utaapa ni 7.

Lugha isiwatishe. Kijerumani utakutana na "Hier ruht in Gott", hapa amepumzika katika Mungu, "geb." alizaliwa, "gest." alifariki, na D.O.A. ni Deutsch-Ostafrika, kwa hiyo ni zama za Mjerumani. Yale maandishi yao ya zamani yenye mapembe, s ndefu inafanana na f, na k inafanana na t, kwa hiyo majina ya watu yanaharibika kirahisi. Kifaransa, hasa Bagamoyo maana wale mapadri wa mwanzo wengi walitoka Ufaransa na Alsace, "Ici repose" na "décédé". Kilatini "Hic jacet". Ukiona Tanganyika Territory basi ni baada ya Waingereza kuchukua, kuanzia 1920. Huelewi? Nakili umbo la herufi kama lilivyo, kuelewa kutakuja baadaye. Na mkiona vifo vimerundikana 1918 na 1919 kumbukeni homa kubwa ya mafua iliyopita dunia nzima miaka hiyo, ila hiyo ni dhana yenu, isiingie kwenye safu ya maandishi ya jiwe.

Maana hapo ndo penye uti wa mgongo wa kazi yote: safu ya jiwe na safu ya wazee zisichanganywe. Kwenye kompyuta mkitumia Excel wekeni namba ya kaburi, maandishi kama yalivyo, jina mlivyolielewa, tarehe, aina ya kaburi na hali yake, mwelekeo, vipimo kutoka kona mbili, namba za picha, tarehe mliyoandika na nani kaandika, halafu peke yake kabisa: walivyosema wazee, na mzee gani, siku gani. Mzee akisema "hapo kalala mwalimu fulani alisoma Kiungani" (chuo cha UMCA kule Zanzibar) na jiwe halina jina, hiyo ni taarifa ya thamani sana lakini ni ya mzee, sio ya jiwe. Kesho akija mzee mwingine akasema hapana yule kazikwa kule, zote mbili zinakaa, hamna haja ya kuamua.

Wazee wenyewe wapelekeni makaburini kwa miguu yao kama wanaweza, msiwahoji sebuleni tu. Akisimama pale anakumbuka kwa mwili, "tulipita hapa na jeneza, mti huu haukuwepo". Muulizeni bibi kuliko babu, bibi ndo anajua nani mke wa nani na mtoto gani alikufa mchanga. Makaburi ya watoto ni madogo, hayana jina, mara nyingi yako pembeni au yamebanwa miguuni mwa mama, na bila bibi hamtayajua. Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti. Na akisema jambo la aibu la familia, mtu alijinyonga au alikufa kwa ugonjwa fulani, hilo halihitajiki kwenye orodha.

Halafu vitabu vya kanisa. Wakatoliki wana daftari la marehemu, mara nyingi la Kilatini kwa miaka ya zamani, Waanglikana na Walutheri wana la mazishi, na yote yana la ubatizo na ndoa. Omba kusoma palepale ofisini, usiombe kuondoka nalo. Daftari linakupa watu waliozikwa ambao hawana kaburi linaloonekana, na hao wafungulieni orodha yao ya pili. Mkilinganisha mtashangaa jinsi mtu mmoja alivyo na majina matatu, la ubatizo, la nyumbani na la baba, jiwe limechukua hili daftari likachukua lile.

Mwisho, kutunza. Simu inaibiwa, flashi inakufa, kompyuta ya parishi ina virusi tangu ilipoletwa. Chapisheni kwenye karatasi na ramani yake, nakala moja ofisi ya kanisa, moja kwa mtendaji, moja dayosisi au jimboni, na moja kwa familia yoyote inayoonekana kutunza vitu, ziwekwe kwenye bahasha ya plastiki juu ya kabati sio chini, mchwa wa huku hawachagui. Mtandaoni kuna tovuti za makaburi, Find a Grave na BillionGraves, mnaweza kupandisha picha huko watoto wa kijiji walioko Dar au Ulaya wakawapata babu zao, lakini makaburi ya karibuni, tuseme ya miaka thelathini hii, waulizeni wenyewe kwanza. Na ramani yenye vipimo kamili msiiweke wazi kama kuna bamba la shaba au msalaba wa chuma mzuri bado umesimama, wanunuzi wa chuma chakavu nao wana simu.